Matofali ya Nathanieli

Benchi la dukani kwa Wanzagi, kule Mugango, lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya vyuma vya miguu mitatu mitatu. Wateja walikaa juu yake wakinywa soda isiyopoa na kuwatazama wavuvi wakishona nyavu, wala hakuna aliyejali vyuma vile vilikuwa vya nini. Marcelina alijali. Alisimama mlangoni, kitenge chake kimejaa vumbi la safari, akaviangalia kama mtu anavyomwangalia mwanawe akitumwa maji katika nyumba ya watu wengine.

Stendi, ndivyo mafundi walivyoviita. Hamduni, fundi wa Musoma mjini, ndiye aliyemchomelea mumewe, marehemu Nathanieli, kwa vipande vya bomba nene: miguu iliyotanuka chini, shingo inayopanda na kushuka, na pini ya kuizuia isiteleze. Juu ya kila shingo palikuwa na kikombe kidogo cha kukumbatia chuma cha gari. Miaka ile ya dhiki, tairi zilipokuwa kitu cha kuota, stendi hizo zililibeba gari la Nathanieli, Pijo, uani kwao Mukendo. Kuku walitaga chini yake. Jumapili baada ya kanisa Nathanieli aliingia chini yake kulipaka grisi, kana kwamba kesho lingesafiri, na Marcelina akachuchumaa pembeni kumpa spana.

Ndipo alipojifunza kwamba jeki ni ya kuinulia tu, si ya kuaminiwa. Stendi haikai juu ya udongo laini, na gurudumu linalobaki chini huwekewa gogo mbele na nyuma. Na kabla mtu hajapenyeza kichwa, gari husukumwa kwa nyonga, tena kwa nguvu, ili kama linataka kuanguka liangukie hewa. Nathanieli hakuwahi kulisahau hilo. Alikuwa mwangalifu kwa gari kuliko alivyokuwa kwa watu.

Alipofariki, matanga yakaisha, Wanzagi akachukua zana za kaka yake kama ulivyo utaratibu wa ukoo wao: kila chuma alichofanyia kazi marehemu huenda kwa mdogo wake. Shoka likaenda, nanga ikaenda, spana na stendi zikaenda. Pijo lenyewe walilishusha chini, likabaki. Halikuwa na tairi wala betri, na hakuna aliyeona faida ya kulisukuma.

Sasa ilikuwa miaka ya ruksa. Tairi zilining'inia madukani Musoma kama mikungu ya ndizi, na wanunuzi wa sangara walikuwa wamefika na masanduku yao ya barafu wakitafuta magari. Masatu, mwana wa Marcelina, alikuwa amejifunza udereva kwenye lori la misheni, kisha akakaa bila kazi mpaka ndevu zikakomaa. Mnunuzi mmoja alikuwa amemwahidi: Pijo likitembea kabla ya Jumamosi, samaki wa Mugango ni wake kuwabeba. Tairi alikwisha pata. Kilichobaki ni giaboksi, na giaboksi hushushwa na mtu aliyelala chini ya gari.

Wanzagi hakuwa mtu mbaya wa maneno. Alimletea shemeji yake kiti, akamuuliza habari za mihogo na za goti linalomsumbua. Alipoelezwa shida iliyomleta, akapangusa kaunta iliyokuwa safi.

"Shemeji, kilichogawanywa baada ya matanga hakirudi. Ukikirudisha kwenye mlango kilikotokea, mwenyewe anakifuata, na hafuati kwa mikono mitupu. Unataka Masatu afuatwe?"

"Nataka asilaliwe na gari."

"Basi aweke kitu kingine. Vyuma viko vingi duniani."

"Kama viko vingi, wewe weka vingine chini ya benchi."

Wateja wakacheka, mmoja akasema huyu mama ulimi wake unanyoa. Wanzagi naye akacheka. Kisha akatoka nyuma ya kaunta, akaja kukaa katikati ya benchi lenyewe, akatandaza mapaja, akauliza kama shemeji angependa kubebewa samaki wa kuondokea.

Samaki aliwapokea. Njiani walinuka, na kila alipowahamisha kutoka paja hili kwenda lile alijiona mjinga aliyelipwa kwa kunyimwa.

Asubuhi iliyofuata aliamshwa na mlio wa jeki ikitua uani. Hamduni alikuwa ameileta alfajiri, na kabla ya kuondoka alimweleza Masatu, kisha akarudia kwa Marcelina dirishani, kwamba stendi zake mwenyewe ziko chini ya lori la mtu wa Bunda, zitatoka Jumatatu, kijana asubiri. Masatu alimshukuru kwa heshima zote. Hamduni alipokata kona, alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kile chumba ambacho baba yake hakukimalizia, akaanza kushusha matofali ya juu ya ukuta.

Yalikuwa mazuri kwa macho, makubwa, yenye kona zilizonyooka, meupe kwa chokaa. Masatu aliyapanga mawili mawili chini ya chasisi, kila pembe ya gari na nguzo yake, akaweka vipande vya mbao juu ili chuma kisiyachubue. Kisha akafungua jeki taratibu. Pijo likakaa. Akarudi nyuma hatua chache kuitazama kazi yake, mikono kiunoni, na kwa namna ya kusimama alikuwa Nathanieli mtupu.

Marcelina alijua kilichomo ndani ya matofali yale kwa sababu ndiye aliyebeba mchanga wake. Mwaka ule saruji ilipatikana kwa kibali, na Nathanieli, kwa udereva wake wa ofisini, alikipata. Majirani waliliona lori likiingia Mukendo na mifuko, wakaona wivu. Hawakuona kwamba mifuko michache ndiyo iliyoshuka, na nyingine yote ikaendelea na safari hadi Bunda, alikokuwa akiishi mwanamke aitwaye Mwanaupe. Kilichoshuka kilichanganywa na mchanga wa ziwa na majivu ya jikoni, saruji ikitiwa kama mtu anavyotia chumvi katika mboga ya mgonjwa. Chokaa ikafunika. Nathanieli aliupiga ukuta kofi mbele ya wageni, akasema huu watauona wajukuu.

Msibani wanawake walimsifu kwa ukuta huo. Marcelina aliwaitikia. Aliona heri watoto wawe na baba aliyeacha ukuta kuliko kuwa na baba aliyeacha habari. Miaka ilivyopita, lile neno lilizama ndani yake likatulia, na alikwisha zoea kutembea nalo bila kuchechemea.

Masatu alitandika gunia chini ya gari.

"Usiingie," Marcelina akasema.

"Mama, ni matofali ya baba haya. Aliyafyatua kwa mkono wake. Tulikuwaga tunayamwagilia maji wote."

"Ndiyo maana nakwambia usiingie."

Kijana akamtazama. Marcelina akasema alichokuwa hajawahi kukisema hata kwa padri, na alikisema kwa sauti ya kuelekeza mtu njia: saruji ilikwenda Bunda, huko ilijenga nyumba, na nyumba hiyo ilikuwa na mwenyewe. Hayo yaliyo chini ya gari ni mchanga uliovaa kanzu.

Masatu hakupandisha sauti. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Miaka yote umekaa nalo. Unalitoa leo, mtu ana kazi Jumamosi?"

"Ningepata stendi, ningekaa nalo mpaka kaburini."

"Mama, wivu wako na marehemu usiulete chini ya gari langu. Kama unaona halifai, lisukume. Likianguka nitakuamini."

Alilisukuma kwa nyonga, kama alivyoona likisukumwa. Pijo halikujibu. Masatu alifungua viganja vyake, akamwonyesha, kisha akageuka kutafuta spana. Marcelina alilitazama gunia lile lililotandikwa vizuri, pembe zake zimenyooshwa kama shuka la mgeni. Akarudi nyuma kidogo, akainamisha bega, akajitupa mwili mzima.

Kwanza kulitoka sauti ndogo, kama ya jino linapokutana na mchanga ndani ya dagaa. Kisha pembe ya nyuma ikazama. Pijo likalala upande, likaburuza nguzo nyingine, likatua kwa kishindo kilichowatoa kuku wote uani. Kioo cha mbele kikapasuka. Kitu cha chuma kilivunjika tumboni mwake na oili nyeusi ikaanza kutambaa kuelekea jikoni.

Vumbi lilipotulia, gunia halikuonekana. Masatu hakulitafuta. Alichuchumaa penye tofali lililopasuka: ganda jeupe la chokaa kama la yai, na ndani yake mchanga mkavu wa ziwa, wenye vipande vya konokono. Aliuchota, ukamponyoka kati ya vidole. Akachota tena. Majirani walikuwa wamekwisha fika kwenye uzio. Mmoja alimshukuru Mungu kwa kumwokoa kijana. Mwingine alisema, si kwa kunong'ona, kwamba ameona mengi lakini hajaona mama anayemvunjia mwanawe riziki kwa bega lake mwenyewe.

Marcelina alisubiri ashukuriwe au atukanwe. Lolote lingemfaa.

"Hiyo nyumba ya Bunda iko wapi?" Masatu akauliza, bado amechuchumaa.

Alimwelekeza: nyuma ya soko, njia ya mashine ya pamba, baada ya msikiti mdogo. Masatu akainua uso.

"Umejuaje mpaka msikiti?"

"Niliwahi kwenda. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikarudi."

Aliondoka bila kunywa uji. Jumamosi samaki wa Mugango walibebwa na gari la mtu mwingine. Jumatatu Hamduni alikuja akisukuma stendi zake kwenye mkokoteni, kama alivyoahidi. Alichungulia uani, akasimama, akageuza mkokoteni bila kupiga hodi. Marcelina alimsikia na magurudumu yake mpaka barabara kuu.

Masatu alirejea siku aliyoitaka mwenyewe, jua likiwa bado juu. Hakusema alikolala. Mama yake alimtengea ugali na sato, akammiminia maji ya kunawa, wakakaa kila mmoja upande wake wa sinia. Walikula kidogo kabla Marcelina hajaweza kuuliza kama aliwakuta watu wa Bunda.

"Nimemkuta yeye. Kanipa chai." Masatu alitoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni ya sahani. "Anakujua jina."

Marcelina alimsogezea samaki.

"Nilizunguka nyumba mpaka nyuma, mama. Haina hata ufa."

Marcelina alimega tonge, akalifinyanga, akabaki nalo mkononi bila kulichovya.

"Na bati?"

"Bati zima," Masatu akasema. "Mvua haiingii."