Panya wa Masijala

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi, karani ambaye wananchi walimwita Shangazi alifungua dirisha namba tatu la masijala, akafuta kaunta, akachonga penseli mbili, kisha akamtoa mtoto wa paka kwenye mkoba na kumweka juu ya trei ya barua zinazotoka. Alikuwa amemkuta getini, mlinzi akimfagia pamoja na majani makavu. Paka huyo alikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu, na kwenye paji la uso alikuwa na doa la zambarau, la mviringo. Shangazi akamwita Muhuri. Kumpeleka nyumbani hakukuwezekana, maana mwenye nyumba wake hakutaka hata kuku wa kwenye kalenda.

Mkuu wa masijala aliingia saa tatu na nusu. Nyuma ya mgongo wake wote walimwita Njoo Kesho, kwa kuwa wananchi hawakuwahi kumsikia akisema neno jingine. Alimtazama paka, akatundika mwavuli, akasema hii ni ofisi, si zizi.

“Mkuu,” Shangazi alisema kwa adabu zote, “miaka tisa tunawaambia watu mafaili yao yameliwa na panya. Leo tumepata paka, tumfukuze? Watatuelewaje?”

Njoo Kesho alikuna kidevu. Mwishowe aliandika barua rasmi: paka yuko kwenye majaribio; asipokamata panya hata mmoja ifikapo Ijumaa saa sita mchana, mlinzi amtie kwenye gunia akamtupe ng’ambo ya mto. Aliisaini, akamkabidhi mhusika, naye akailalia.

Tatizo lilikuwa moja tu. Shangazi alikuwa amefanya kazi humo miaka thelathini na mmoja, na hajawahi kuona panya, wala mkia wake.

Jumanne asubuhi Muhuri alijipenyeza chini ya kabati la chuma, kwenye uwazi wa vidole viwili, akatoka kinyumenyume akiburuta jalada la kiwanja cha seremala. Lilikuwa nene kumzidi yeye mara tatu, lina joto, na lilikuwa likipumua. Shangazi alilifungua taratibu, likatulia. Kurasa zote kumi na tisa zilikuwemo, ya mwisho ikiwa bado na unyevu wa kulambwa.

Seremala alikuwapo, kama kila Jumanne kwa miaka sita. Benchi la kusubiria alikuwa amelitengeneza mara mbili, kwa kukosa la kufanya.

“Si mlisema limeliwa?” aliuliza.

“Lilikuwa limeliwa. Sasa halijaliwa. Weka sahihi hapa, Fundi.”

Seremala aliweka sahihi, kisha akatoa futi kamba na kumpima paka, urefu na upana. Kesho yake alileta kitanda kidogo cha mbao, kingo zimepigwa msasa mpaka zinateleza.

Jumatano yalitoka majalada kumi na moja. Alhamisi, arobaini na mawili. Watu waliondoka wameyapakata kama vichanga, na foleni, ambayo kwa miaka ilikuwa imesimama, ilianza kutembea. Ila panya hakuonekana. Njoo Kesho alikumbusha kwamba faili si panya. Mlinzi alishakung’uta gunia na kulianika.

Alhamisi hiyo chai ya Shangazi ilipoa bila kuguswa. Aliinama kwenye kitanda cha mbao akanong’ona, “Mwanangu, hata mmoja tu. Hata mgonjwa.”

Ijumaa, saa sita kasoro dakika tano, mlinzi alisimama mlangoni na gunia lake. Muhuri aliingia chini ya kabati, akakawia. Alipotoka alikuwa akiburuta jalada jembamba la kijani, lenye jina la Njoo Kesho mwenyewe, lililosemekana kuliwa mwaka uleule aliopandishwa cheo. Shangazi alilifungua ili litulie. Ndani mlikuwa na vyeti vizuri sana, vyote vya kaka yake Mkuu, na picha ya kaka mtu, masikio yake makubwa yasiyofanana na ya Mkuu wala ya mtu mwingine yeyote ukoo mzima. Shangazi alilifunga, akalitandika kwenye kitanda cha mbao. Muhuri akapanda juu yake, akajikunja.

Njoo Kesho alisogea, akainama juu ya kitanda cha mbao.

“Mama,” alisema, “unamwona yule panya?”

“Namwona, Mkuu.”

“Ni mkubwa.”

“Mkubwa sana. Ameshakula cheo kizima.”

Njoo Kesho alimwambia mlinzi arudishe gunia stoo. Kisha akaandika kwamba panya amekamatwa, na kwamba Muhuri ameajiriwa kwa masharti ya kudumu, mwenye haki ya likizo na makazi chini ya dirisha namba tatu, linapopiga jua tangu saa nne. Muhuri aligonga barua kwa paji la uso. Alama ya zambarau ilitoka vizuri, na tarehe yake.

Jalada la kijani halikufunuliwa tena, kwa kuwa paka aliyelala hasumbuliwi. Njoo Kesho aliendelea na kiti chake.

Jumatatu iliyofuata alikuja mwanamke kuulizia jalada la marehemu baba yake. Njoo Kesho aliinama dirishani, sura imejaa majonzi.

“Limeliwa na paka. Njoo kesho.”

Muhuri alifungua jicho moja. Akajinyoosha, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, akashuka kitandani na kwenda chini ya kabati.

“Usiende mbali, dada,” alisema Shangazi, akachukua penseli akaichonga.