Mpimeni na Huyu

Daktari Margwe alirudi kutoka chumba cha mashine akiwa amekunja uso, na Lucia akajua mambo si mazuri. Mashine yenyewe ilikuwa ngeni pale hospitali. Tone moja la damu kwenye kikaratasi, unasubiri kidogo tu, inakwambia mgonjwa ana dawa kiasi gani mwilini.

"Mama, dawa kwenye damu yako ni nusu ya inayotakiwa," alisema. "Ndiyo maana saratani ya damu inarudi. Tukiendelea hivi itatushinda." Kisha akamgeukia Lucia. "Dada, si wewe unayempa mama dawa? Nyingine mnapeleka wapi?"

Weee! Lucia alijiona kama amezabwa kibao mbele za watu. Yeye huyu aliyetoka kijijini Nambis gizani, akamkokota mama yake kwenye tope mpaka barabarani? Kila asubuhi anamwekea vidonge vinne kiganjani na kikombe cha maji, ndipo aende kukamua ng'ombe. Avipeleke wapi, jamani, avile yeye? Hasira zilimpanda mpaka machozi yakamtoka.

"Usimgombeze mwanangu," alisema Mama Getruda. "Mpimeni na huyu."

"Nimpime ya nini, mama?"

"Viwili nakunywa mimi. Viwili navipasua, ule unga wake namchanganyia kwenye uji. Tumbo lake limeanza kuvimba, daktari. Langu lilianza hivyo hivyo. Mimi nimeshakula chumvi nyingi, yeye bado mtoto."

Lucia aliukumbuka ule uji. Kumbe ndiyo maana uji ulikuwa mchungu! Siku zote alidhani ni mimba inamchagulia chakula. Mimba yenyewe alikuwa akiibana kwa khanga, hajamwambia mtu. Kwa Wairaqw, binti kushika mimba kabla ya kuolewa si jambo la kumwambia mama. Zamani binti wa hivyo alifukuzwa nyumbani, na hata sasa watu hawaachi kusema. Alimnyooshea muuguzi kidole, akatobolewa.

Daktari hakukawia. "Dawa imo," alisema. "Tena si kidogo."

"Asante Mungu!" Mama Getruda alipiga makofi, mgonjwa wa watu, akacheka mpaka akakohoa. "Basi utapona, mwanangu. Utapona!"

Furaha ile ilimchoma Lucia kuliko lawama zote za daktari. Angenyamaza tena, mama angeendelea kujinyima dawa mpaka afe.

"Mama, mimi siumwi," alisema. "Nina mimba. Ni mwezi wa tano sasa."

Daktari Margwe aliiweka kalamu mezani. Mama Getruda alimtazama binti yake tumboni, kisha usoni. Lucia alijikaza, akingoja aulizwe ni ya nani, swali lililomnyima usingizi miezi yote hiyo. Mama yake hakuuliza. Alimshika daktari koti.

"Daktari, nimemuua mjukuu wangu?"