Kigoda cha Kina Gilsenan

Malachy Gilsenan alikuwa akimenya viazi vya jioni, mwanamke mgeni alipobisha hodi, viatu vyake vya mjini vimejaa matope ya kilimani.

"Samahani mzee. Nimeambiwa ufunguo wa lile kaburi la kale la kilimani unatunzwa hapa."

"Ule pale msumarini. Lakini kesho ni zamu ya nyumba hii."

Dympna, mjane wa kaka yake, aliweka kikombe cha chai mezani. "Zamu ya mvua, anamaanisha. Karibu ndani, mama."

Mgeni aliitwa Fidelma Lynagh, ametoka mji wa Waterford kwa mabasi matatu. Bibi yake alizaliwa katika nyumba ya kina Lynagh, ile ambayo siku hizi ni kuta tatu na kondoo. Nyumba ilipoanguka, zamu yao nayo ikafutika, na bibi hakulisahau jambo hilo hata siku moja mpaka alipokufa.

Zamu zilikuwa za nyumba kumi na moja, kila mwaka nyumba moja. Mchana na usiku vinapolingana mwezi Septemba, jua likichomoza huingia kwenye kaburi lile la mawe, likapenya ujia mwembamba na kutua juu ya jiwe la nyuma, penye majua madogo yaliyochongwa na watu wasiojulikana hata majina. Kwa desturi ya pale, mlango hufunguliwa asubuhi hiyo moja tu, na mle ndani panatosha kigoda kimoja bila kuziba mwanga. Malachy alikikalia akiwa na miaka thelathini na minane, arobaini na tisa, na sitini. Mawingu, ukungu, mvua. Sasa alikuwa na sabini na mmoja.

"Mpe tu kiti, shemeji," alisema Dympna. "Kina Gilsenan mkiingia mle, hata jua linaona haya."

Redio ilikuwa imeshatangaza mvua ya siku tatu. Malachy akacheka. "Haya, mwanangu. Jua likitoka kesho, kigoda ni chako. Nimesema."

Fidelma hakucheka. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru kama mtu aliyekwisha kupokea. Malachy aliona aibu kidogo, akaongeza viazi vitatu chunguni.

Alfajiri alifungua mlango akakuta nyota tupu. Alizunguka nyumba nzima akitafuta wingu, hata dogo, hata la kuazima. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alilinunia anga kwa kuwa safi.

Juu kilimani majirani walikuwa wamekwisha kusikia ahadi yake. Dympna si mtu wa kulala na habari.

"Malachy, mawingu yako umeyaacha nyumbani?"

"Yako kwenye mfuko wa koti," alijibu, akifungua kufuli.

Fidelma alimsogelea. "Mzee, kaa wewe. Nilijua unatania. Mimi nitatazama kutoka hapa nje."

Malachy alikikumbatia kigoda. Zamu nyingine angeifikia akiwa na miaka themanini na miwili, na magoti yake yalikuwa yakilalamikia kilima hiki tangu mwaka juzi. Neno moja tu la kukubali, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Nilitania, kweli," alisema. "Ila wewe hukupanda mabasi matatu kwa utani." Akamkabidhi kigoda. "Inama sana. Na usiliegemee jiwe."

Fidelma akaingia. Geti la chuma lilikuwa na tabia ya kujifunga lenyewe, na kulishika ilikuwa kazi ya mwenye ufunguo. Malachy alisimama akilishika, mgongo kwa kaburi, uso mashariki. Ukingo wa jua ukatokea juu ya mabonde.

"Shemeji," Dympna alinong'ona, "hicho kichwa chako."

Kivuli chake kilikuwa kimejaa mlangoni. Akapiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, akavua kofia, akainama mpaka mwanga ukapita juu ya upara wake na kuingia. Nyuma yake, ndani kabisa, alisikia mtu akivuta pumzi.

"Unaona nini, shemeji?"

"Kondoo watatu," alisema Malachy. Maji yalikuwa yakipenya suruali yake, na hakuinuka mpaka jua lilipotoka lenyewe kaburini.