Matairi Makubwa ya Haibe

Jumanne saa nne asubuhi, Kivuva alikuwa amepiga magoti kwenye gereji yao ya Kitengela, akikaza nati za mwisho za gurudumu la mbele la Suzuki ndogo nyeupe. Mwenye gari, Haibe, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Kila wiki alikwenda mnadani Kajiado, kisha akaingia vijijini kutafuta mbuzi, na mwezi huo alikuwa amekwama mara tatu kwenye udongo mweusi. Sasa alitaka matairi makubwa, yale ambayo gari dogo huyavaa kama mtoto aliyevaa gambuti za babake.

Haibe alikuwa ameomba afungiwe na Ndanu. Alilisema hilo bila ubaya, hata kabla ya kushuka.

"Dadako yuko? Wanasema akifunga yeye, matairi hayagusi bodi."

Kivuva alimjibu kwamba Ndanu ana kazi nyingine. Ndanu alikuwa hatua kumi kutoka hapo, chini ya pikapu, na kazi yake ingeisha baada ya nusu saa.

Huyo alikuwa mteja wa nne kumtaka Ndanu mwezi huo. Kivuva alikuwa mkubwa kwa miaka sita, na ndiye aliyemwonyesha Ndanu jinsi ya kushika spana. Lakini baba yao, mzee Kimanzi, alipokuwa hai, alikuwa na desturi ya kupita nyuma ya Kivuva na kukaza upya kila nati aliyokaza. Za Ndanu alizitazama tu, akaenda zake. Kivuva aliliona jambo hilo kwa miaka tisa na hakuwahi kulimeza.

Kwa hiyo alifunga mwenyewe. Aliinua gari kwa springi ndefu, akabadilisha shoksi, akashusha jeki. Kisha akaingia, akakata usukani wote kushoto, akarudi nyuma polepole. Tairi likagusa plastiki ya madigadi.

"Ya Ndanu," likasema.

Ilikuwa sauti ya mzee Kimanzi, aliyekuwa amezikwa miaka miwili iliyopita.

Haibe aliinama akasikiliza mara ya pili. "Linasema ni ya Ndanu. Si hata mimi nilikuambia hii kazi ni yake?"

"Ni plastiki tu," Kivuva alisema. "Nitaikata."

Aliikata, kisha akakata na pembe ya bampa. Tairi lilipunguza sauti kidogo, kama mtu aliyeambiwa kuna wageni, lakini halikubadilisha neno. Haibe alikuwa na haraka ya mnada. Alimwambia Kivuva apande waende wote, walisikilize njiani.

Barabara ya Namanga imenyooka, na tairi lilisema mara moja tu, walipokwepa lori lililoharibika. Huko Kajiado, Haibe alinunua mbuzi wanne, wakapakiwa nyuma. Gari likashuka. Sasa hata matairi ya nyuma yakaanza kugusa, na walipokata kona kwenye geti la mnada, yote yakasema kwa pamoja, polepole na wazi:

"Gereji ni ya Ndanu. Nimesema."

Ruqia, mama aliyeuza chai hapo getini, hakuacha kumimina. "Huyo ni mzee Kimanzi," alisema. "Alinitengenezea pikapu yangu nikiwa bado nauza ngozi. Yuko aje?"

"Alifariki," Kivuva alimjibu.

"Pole sana. Sauti bado iko na nguvu."

Njiani kurudi, walipokuwa wamepita Isinya, Haibe alimgeukia Kivuva. "Mzee aliwaachia neno gani?" aliuliza.

Ng'ombe walikuwa wakivuka barabara. Kivuva aliwatazama mpaka wa mwisho akapita.

Ndanu aliwasikia wakiingia gerejini. Alifuta mikono, akasimama kando ya gurudumu, akamwomba Haibe akate usukani tena. Haibe akakata. Ndanu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia kakake.

"Hiyo alisema lini?"

"Hospitalini. Ulikuwa umetoka kutafuta uji."

"Na mimi uliniambia alisema nini?"

"Tufanye kazi pamoja."

"Na si tumefanya?" Ndanu aliuliza. Hati ya ploti ya gereji ilikuwa imeandikwa jina la Kivuva wiki mbili baada ya mazishi, na Ndanu mwenyewe ndiye aliyempeleka mjini kwa pikipiki siku hiyo ya kutia sahihi.

Ndanu alimwomba Haibe awaachie gari hadi Jumapili ili jamaa nao wasikilize, na mbuzi wakapelekwa nyumbani kwa gari lingine. Jumamosi, wajomba na baba wadogo walikuja kutoka Machakos, watu saba. Walikunywa chai, wakaomba mawe yapakiwe nyuma ya gari ili lishuke vizuri, wakasikiliza. Wote walikubaliana kwamba ni Kimanzi. Mmoja alitokwa na machozi, kwa sababu yeye na marehemu walikuwa wameachana kwa ugomvi.

Kisha wakatoa uamuzi. Walisema neno la mzee ni zito na limesikika. Walisema pia kwamba msichana ataolewa, na kwamba tairi halina kidole cha kuweka kwenye karatasi. Hati ibaki ilivyo. Wakamwambia Kivuva amtunze dadake, akaitikia, wakapanda gari lao wakaenda.

Ndanu aliinuka kutoka juu ya tairi kuukuu alilokuwa amekalia.

"Niletee chaki," alimwambia Kivuva.

Alipaka chaki kwenye mabega ya matairi yote manne. Alipandisha gurudumu moja juu ya jiwe, akakata usukani, akaangalia chaki ilipobaki kwenye bodi, akafanya hivyo kila upande. Alirefusha skrubu mbili za kuzuia usukani usikate kupita kiasi, akaongeza mpira juu ya springi za nyuma, akachonga chuma kwa upana wa kidole kimoja. Alijua anamnyamazisha nani. Lakini tairi linalogusa hupasuka njiani, na Haibe alikuwa na watoto. Kufikia jioni gari lilikata kona zote kimya kabisa.

Kivuva alikuwa amesimama karibu wakati wote huo, akishika taa. Alidhani atafurahi sauti ikiisha. Alichokiona ni kwamba Ndanu alikuwa ametumia saa tatu kwa kazi iliyomshinda yeye asubuhi nzima.

Sasa wateja wamezoea. Gari likifungwa na Kivuva na likaanza kusema, mwenye gari hulipeleka tu upande wa Ndanu, linanyamazishwa. Ndanu hulipwa mshahara kila mwisho wa mwezi, na Kivuva ndiye anayempa.

Saa saba, Ndanu akienda kula, Kivuva hufungia kigari chake mwenyewe matairi makubwa kupita kiasi, hukata usukani wote kushoto, halafu kulia, dirisha likiwa wazi. Hungoja asikie kama mzee ana neno lolote lingine, au jina lingine. Ameshajaribu saizi zote zinazouzwa Kitengela. Kubwa zaidi ameiagiza kutoka Nairobi. Itafika Alhamisi.