Anayeleta Kitambaa

Kosa la programu linaloweza kunipita halijazaliwa. Nikikaa mbele ya kompyuta, makosa hubisha hodi, huvua viatu na kujieleza yenyewe. Maneno hayo niliyasema Jumatano mbele ya ofisi nzima, na ofisi nzima ni bosi, mimi, Mama Usafi anayetufagilia na kutuchemshia chai, na shangazi yangu.

Shangazi alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na miwili. Wateja walipopungua hakulia. Alijiandikisha kozi ya kujaribu programu, akakaa darasani na watoto waliozidiwa umri na mkasi wake, akatoka na cheti. Bosi akampa miezi mitatu ya majaribio. Kazi yake ilikuwa kukagua programu ninazoandika mimi kabla hazijafika kwa mteja. Yaani mtu aliyenipunguzia suruali za shule, sasa alikuja kunipunguzia sifa.

"Miezi yake inaisha Ijumaa," bosi aliniambia pembeni. "Ni mtu mzuri, lakini sijaona alichogundua ambacho wewe hukukigundua. Nikikiona, atabaki. Nisipokiona, tutaagana kwa heshima."

Ijumaa hiyohiyo muuguzi mkuu wa zahanati moja alikuwa anakuja kuangalia programu tuliyomtengenezea. Mgonjwa anajiandikisha kwa simu, anapangiwa saa ya kumwona daktari, foleni inapungua. Nilikuwa nimeijaribu mara arobaini kwa jina langu na namba yangu, na mara zote arobaini ilinipokea kama mkwe.

Alhamisi asubuhi nikamkuta shangazi amemketisha Mama Usafi kwenye kiti changu, amempa simu.

"Waandikishe wajukuu zako watatu," alimwambia.

"Nibonyeze wapi?"

"Mimi sijui. Fanya unavyoona."

Kisha akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, kimya.

"Shangazi, si umwelekeze?" nikasema. "Tutakesha hapa."

"Mteja akija kujaribu gauni nililolishikiza kwa bandi tu, kabla sijalishona, simwambii avute tumbo. Namwacha atembee, akae, ainue mkono. Gauni lenyewe litasema linapobana."

"Hapa hatushoni."

"Ndiyo maana hamjui mnapobana watu."

Mama Usafi aliandika mjukuu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wote aliwawekea namba yake mwenyewe, maana watoto hao hawana simu. Alipomaliza, shangazi akasema, "Sasa tuonyeshe wa kwanza."

Wa kwanza hakuwepo. Wa pili hakuwepo. Alikuwepo wa tatu peke yake, kama aliyewafukuza ndugu zake nyumbani.

"Mama Usafi ana maji vidoleni, amebonyeza vibaya," nikasema.

Shangazi hakubishana. Alitoa mkobani daftari lake la vipimo, lenye chaki ya kushonea kwenye kingo, akalifungua mbele yangu. Juu ya kila ukurasa palikuwa na jina la aliyeleta kitambaa. Chini yake, majina ya watakaovaa, kila mmoja na mabega yake, kifua chake, urefu wake.

"Mwaka wangu wa kwanza niliandika jina la juu tu," akasema. "Mama mmoja akaleta vitambaa vya binti zake wanne. Nikashona magauni manne kwa vipimo nilivyoandika mwisho, yote yakamkaa kitinda mimba. Anayeleta kitambaa siye anayevaa, mtaalamu. Wewe umeuliza namba ya simu, ukadhani umeuliza mtu."

Nikarudi kukagua kazi yangu mwenyewe, jambo ambalo kwenye ukoo wetu huhesabiwa kuwa ugonjwa. Ilikuwa kweli. Programu ilimtambua mgonjwa kwa namba ya simu. Namba ikirudi mara ya pili, ilidhani ni mtu yuleyule anasahihisha taarifa zake, ikafuta za zamani na kuandika mpya. Nikamfikiria mtoto aliyeandikiwa kwamba dawa fulani inamdhuru, kisha mdogo wake anaandikishwa, na onyo lile linafutika kimyakimya. Majaribio yangu yote arobaini yalikuwa ya kapera mmoja mwenye simu moja.

Tulifanya kazi kutwa nzima. Kila niliposema "tayari", shangazi alitoka akarudi na mtu mwingine: mlinzi wa jengo, muuza vocha, mzee asiye na simu aliyeletwa na jirani. Anamkalisha, anarudi nyuma, anatazama. Hatazami skrini. Anatazama uso, na kidole kinachosita. Nimekaa na watu wenye shahada mbili ambao hawajawahi kuona kidole kinasita. Kufika saa kumi jioni, namba moja iliweza kubeba ukoo mzima, na kila mtu na mstari wake.

Ijumaa muuguzi mkuu alifika, akakaa, akashika simu.

"Mama mwenye watoto wanne na simu moja mnamfanyaje?" akauliza. "Wenzenu wawili wa kampuni nyingine walishindwa hapo."

Bosi, anayeijua programu ya Jumatano tu, alianza kukohoa. Nikamwonyesha mgeni. Akaandikisha watoto wanne. Wote wanne wakabaki.

"Nani aliyefikiria hili?"

Mdomo wangu ukanitangulia. "Lilinijia tu," nikasema. "Jana asubuhi, nikikagua."

Bosi akanipiga bega. Halafu akamtazama shangazi kwa ile sura ya mtu anayechagua maneno ya kuagana. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Shangazi alikuwa anamnyooshea mgeni karatasi zake, hakuinua macho. Naapa nilikuwa nimeshafungua kinywa nijirekebishe, ila chai ilifika kwanza.

"Jana asubuhi ipi, kijana?" Mama Usafi akauliza, akiweka vikombe kimoja kimoja.

"Hiyo hiyo ya jana."

"Ile wajukuu zangu walipopotea, ukasema nina maji vidoleni?" Akamsogezea mgeni sukari. "Bosi, huyu shangazi yake ndiye aliyeniketisha, na ndiye aliyeona. Huyu alikuwa anacheka. Tena alimwambia arudi kwenye cherehani yake. Sijui kama hilo amelisimulia."

Sikuwa nimelisimulia. Hata ninyi niliwaficha.

Bosi akavuta kiti, akakiweka karibu na mgeni. "Kaa hapa, mama, utueleze mwenyewe. Mkataba tutausaini Jumatatu."

Shangazi akakaa, akalifungua daftari lake. Lakini muuguzi mkuu alikuwa bado ananitazama mimi.

"Ulimwambia hivyo? Shangazi yako?"

Nikatafuta mzaha. Sikupata hata mmoja.

"Nilimwambia," nikasema.