Nukta Nyekundu kwenye Jengo la Ginka

Alhamisi, tarehe tisa Novemba 2023, asubuhi, injinia wa manispaa aliingiza kidole kwenye ufa wa chumba changu cha kulala, akakitoa, akapangusa vumbi kwenye suruali, akasema ni plasta tu. Mambo yangu yaliharibika hapo, na sioni sababu ya kuanzia pengine.

Aliitwa Dobrev. Hakuvua viatu. Nilimwekea ndara za wageni mlangoni, akazipita kama hazipo.

"Majengo yote ya enzi zile yana nyufa," akasema.

"Kidole chako kimezama chote, mheshimiwa. Plasta gani nene hivyo? Chini yetu kuna mahandaki ya makaa, nimeyachimba mwenyewe. Jengo linahama."

"Ushahidi unao?"

"Si huo hapo."

"Ufa unaonyesha kuna ufa, basi. Nionyeshe kwamba jengo linahama, nitaliingiza kwenye majengo ya kuwekewa nguzo. Nitapita tena baada ya Pasaka. Nikikuta hakuna jipya, nafunga faili."

Akaondoka, akaniachia matope kwenye zulia.

Mke wangu Zdravka alifia katika chumba hicho Januari ya mwaka ule. Sisemi ufa ndio uliomuua. Daktari alisema mapafu. Lakini upepo ulikuwa unapita hapo kichwani pake majira yote ya baridi, nami nikiuziba kwa magazeti, na wenye mji walikuwa wanajua, maana niliwaambia tangu ufa hauingizi hata ukucha. Walinijibu wana mambo mengi. Sasa nalala jikoni. Nyumba ile ndiyo niliyobaki nayo. Ikiwekewa nguzo, nitakaa humo mpaka nife. Isipowekewa, ama itaniangukia, ama binti yangu atanihamishia kwake mji mkuu, Sofia, nikamlindie lango la maegesho.

Nyuma ya jengo letu kuna gereji ya Plamen, fundi wa televisheni. Nilimkuta anakula banitsa, mkate wetu wa jibini, juu ya televisheni ya mtu.

"Mzee Radko, hilo mbona rahisi," akasema nilipomaliza kulalamika. "Funga taa ya leza ukutani kwako, imulike jengo la mbele. Nyumba yako ikiinama kidogo tu, nukta kule mbali itatembea sana. Huo si ndio ushahidi?"

"Nitaipata wapi?"

"Sokoni zipo, ila usinunue. Kibandiko kinasema dhaifu, ndani kali ajabu, na hakuna mkubwa anayezipima. Tengeneza yako. Inatosha mfuko wa shati. Angalau utajua umetia nini."

Mimi shule niliiacha mapema nikaingia mgodini. Nilidhani kutengeneza ni kuunga waya mbili. Nikaenda kwa wauza vyuma chakavu, nikang'oa ile diodi ya leza, kidude kinachotoa mwanga, kwenye mashine kuukuu ya kurekodi diski, nikamletea Plamen kwa majivuno. Aliacha kutafuna.

"Umeiwasha?"

"Bado."

"Shukuru. Hii inatoboa karatasi nyeusi. Ikikugonga jichoni, kope haiwahi kufunga. Na ukiielekeza jengo la mbele utampofua mtu anayekunywa kahawa yake."

"Nitavaa miwani ya jua."

"Ya jua? Vaa na kofia ya majani basi, uende ufukweni." Akanyang'anya kile kidude, akakifungia kwenye droo. "Wewe unaanza, unaanza na nyekundu dhaifu, isiyofika sehemu moja ya elfu ya wati. Huichungulii. Huielekezi kwenye kioo, dirisha, gari wala sufuria inayong'aa. Inapita juu ya vichwa vya watu. Na inawaka ukibonyeza tu, ukiachia inazima."

Akaniagizia diodi dhaifu kadhaa. Nikaiunga moja jikoni kwa lehemu, nikaipa betri moja kwa moja. Iliwaka mara moja, nzuri, nyekundu kama pilipili za lyutenitsa, ule mchuzi mzito wa kupaka mkate, halafu ikafifia na kufa. Plamen akasema nimeinywesha umeme mpaka imepasuka tumbo: lazima katikati uweke rezista, ule mdudu wenye mistari ya rangi, wa kupunguza. Kwa nini hakusema mwanzo? Akadai alisema. Hakusema.

Nikaweka rezista. Ya pili haikuwaka kabisa. Ya tatu nayo kimya. Nikabadili betri, nikabadili swichi, nikaunga upya mpaka vidole vikaungua. Nilimtukana aliyeitengeneza, nikamtukana Dobrev, nikaitukana manispaa ofisi kwa ofisi. Mwishowe Plamen akapanda mwenyewe kuja kuona. Alivua viatu, akavaa ndara, akasimama mlangoni mwa jikoni akinitazama ninavyofanya kazi.

"Fulana hiyo ya nini?"

Ilikuwa fulana ya sufu bandia ya dukani, siyo ya kondoo, aliyoifuma Zdravka mwenyewe. Alikuwa akiivaa yeye. Inanibana makwapani.

"Baridi," nikasema.

"Vua."

"Sivui."

"Mzee, uko juu ya zulia la nailoni, na fulana ya nailoni. Ukisogea unalia cheche kama paka. Cheche moja ndogo usiyoisikia inaua diodi. Unaziua wewe, kwa mkono wako, kabla hujazipa hata betri."

Niliviua vidude viwili kwa sababu nilitaka kuvitengeneza nikiwa ndani ya nguo ya mke wangu. Niliivua, nikaikunja, nikaiweka kitini. Nikakunja na zulia. Nikagusa chuma cha kupashia nyumba joto ili cheche ziishie huko, kama Plamen alivyoniagiza, ndipo nikashika diodi. Kile chuma kilikuwa baridi, maana joto niliwaambia watu wa kampuni walikate, bei zao wanazijua wenyewe. Nikafanya kazi na shati tupu, meno yakigongana.

Ya nne ikawaka na ikaendelea kuwaka. Niliitia ndani ya ganda la tochi ndogo. Ilitosha mfuko wa shati kweli, ila mfukoni haikukaa hata siku moja. Niliichimbia tundu kwenye zege karibu na dirisha, siyo kwenye plasta, nikaishindilia kwa jasi kama tulivyokuwa tukifanya mgodini kwenye kuta tulizozichunga zisisogee. Kitufe nilikiweka kwenye waya mrefu, ili kidole changu kisiitikise.

Ikabaki alama ya kumulikia. Jengo la mbele msimamizi wake ni Ginka, mwanamke anayefuta hata kivuli cha njiwa. Nilichora msalaba wa chaki, akaufuta. Nikabandika karatasi, akaibandua. Lakini Januari ilipofika nilichapisha matangazo ya ukutani ya kifo cha Zdravka, ya kutimiza mwaka, yenye picha yake, kama anavyofanyiwa kila marehemu. Tangazo la marehemu hapa kwetu haling'olewi na mtu. Hata Ginka. Mvua ndiyo inayoling'oa.

Nikaazima ngazi ya Plamen, nikabandika moja juu kabisa ya lile paa dogo la zege la mlangoni kwake, ambako hakuna dirisha wala kichwa cha mtu kinachofika. Nililipitishia gundi na nailoni ya kufunikia. Asubuhi kabla hakujapambazuka vizuri nikabonyeza. Nukta ikakaa kwenye kifungo cha juu cha blauzi ya Zdravka pichani. Nikaandika mahali pake kwenye daftari.

Ginka alikuja kunigongea kabla sijamaliza kahawa.

"Wewe Radko. Kwa nini unammulika marehemu?"

"Napima."

"Unapima nini kifuani kwa Zdravka? Watu wangu wanajipiga ishara ya msalaba wakitoka kwenda kazini. Mmoja amerudi ndani, anasema kuna mtu na bunduki."

"Mwambie bunduki hainunuliki kwa pensheni yangu."

"Na kule juu hivyo nani anamsoma? Marehemu anawekwa usawa wa macho."

"Nikimweka usawa wa macho, nitawamulika nyinyi macho."

Akatazama ndara miguuni mwake. "Alikuwa mwanamke mzuri," akasema. "Asingekuruhusu upuuzi huu."

"Aliruhusu upuuzi wa manispaa, na ona ulikomfikisha."

Hakuling'oa lile tangazo. Nami nikawa nabonyeza kila asubuhi, naachia. Theluji ikaja, ikaondoka. Wiki nyingi nukta ilikaa palepale kwenye kifungo, nami niliudhika kuliko nilivyowahi kuudhika, maana kumbe mtu anaweza kuomba nyumba yake ihame. Halafu kuelekea machipuo ikaanza kupanda. Ilitoka kwenye kifungo, ikaingia kwenye kola. Baada ya mvua za Aprili ilikuwa shingoni. Pasaka, wakati binti yangu ananigongea yai jekundu kwenye yai langu, kama ilivyo desturi, na kunisifia hewa ya Sofia, nukta ilikuwa kidevuni kwa mama yake.

Dobrev alikuja kweli, hilo nalikubali. Safari hii sikumwekea ndara. Nikampa kitufe. Alibonyeza, akatazama, akaachia. Akateremka, akavuka uwanja, akapanda ngazi ya Plamen, akapima kwa rula kutoka kifungoni mpaka kidevuni. Ginka alitoka na ufagio wake, akawa anafagia chini ya ngazi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ngazi.

"Imehama," Dobrev akasema kule juu.

Sijui niseme nilijisikiaje. Nilitamani mtu fulani awe jikoni nimpigie kelele kutoka nje.

"Basi andika," nikamwambia.

"Niandike nini, mzee? Taa imepanda. Ama jengo lako linalalia nyuma, ama hili hapa linazama na picha inazama nalo. Kwa mtazamaji ni kitu kilekile."

Ginka aliacha kufagia. "Lipi linazama?"

"Nimesema ama, mama."

"Letu halina ufa."

"Umetazama nyuma ya makabati?"

Dobrev alishuka, akakunja rula. Nikamwambia ufa uko kwangu, akaniambia ufa wangu alishaueleza. Akasema kujua ni lipi lazima waje watu na vyombo, vyombo viko Sofia, na vikiletwa vitahudumia jengo moja tu, kwa hiyo kwanza ijulikane ni lipi. Nilimwomba arudie. Alirudia vilevile, akaingia garini.

Tukabaki wawili chini ya ile picha. Kitufe nilikuwa nimekiacha juu, kwa hiyo nukta haikuwako. Zdravka alikuwa anatutazama kupitia nailoni, mweupe kwa jua la miezi. Nilitaka kumwambia Ginka kwamba linalohama ni langu, limekuwa langu miaka yote, asijitie. Nikaona anatazama juu kwenye jengo lake, dirisha moja moja, mpaka ghorofa ya mwisho, kama anayehesabu waliomo.

"Radko," akasema, "ni lenu au letu?"