Picha ya Matope

Anayedhani kufundisha watoto kupaka rangi ni kazi ya kupumzisha akili, na aje aingie darasani alasiri moja tu, kisha atoke atuambie. Mwalimu wa Sanaa hakuchoka kuwaambia hivyo wenzake, maana kila alipopita na ndoo yake walimcheka. "Mwenzetu unakula raha, unachezea rangi!" Raha gani, jamani? Raha ya kubandua gundi kwenye nywele za watu? Raha ya kusugua mikono iliyojaa samawati mpaka viwikoni, huku mwenye mikono akitaka kukupangusia usoni?

Siku moja kopo la maji lilipinduka kabla hata hajamaliza kuwasalimu. Watoto walikuwa wamevaa mashati makuukuu ya baba zao, vifungo vikiwa mgongoni, mikono imekunjwa mara nyinginyingi, na kila mmoja ana la kwake.

"Mwalimu, huyu katia nyekundu kwenye njano yangu!"

"Mwalimu, brashi yangu imenyonyoka!"

"Mwalimu, ng'ombe wangu akiwa wa kijani ni kosa?"

"Awe wa kijani, awe wa zambarau, baba, ila wewe kaa chini! Kaa chini kabla sijakupaka wewe!"

Hakuwa mkali kwa asili. Ni rangi ndiyo iliyomfanya awe mkali. Na kazi hiyo ina ujanja wake, ambao alijifunza kwa kuumia: mtoto anajua kuanza picha, kuimaliza hajui. Ukimwachia karatasi, mwanzoni anakuchorea jogoo safi kabisa, mkia umesimama, unasema leo mambo yamekaa sawa. Geuka ufute meza. Ukirudi, jogoo kapata mawingu, mawingu yamepata mvua, mvua imepata mafuriko, na jogoo mwenyewe kashazama. Kwa hiyo Mwalimu alipita katikati ya meza kama askari wa zamu, na picha ikishaiva tu, "Brashi chini!" Karatasi inanyakuliwa, inabanwa kwenye kamba kwa kibanio cha nguo, na mwenyewe hata hajapepesa jicho. Wengi walinuna kidogo, wakasahau, wakaomba karatasi nyingine.

Isipokuwa mmoja. Wenzake walimwita Matope, na jina lenyewe hakulionea aibu wala fahari. Alikuwa kasichana ka darasa la pili, kimya, macho makubwa, shati limemfika kwenye vifundo vya miguu. Kila picha aliyoigusa iliishia kuwa karatasi nzima nyeusi kama sufuria iliyoungua. Kila picha! Mwalimu alimpa karatasi kubwa, akampa ndogo. Akamficha kopo la nyeusi, mtoto akachanganya rangi zote alizoachiwa mpaka akapata nyeusi yake mwenyewe. Akijaribu kumnyakulia karatasi, Matope anailalia kwa kifua na mikono yote miwili.

"Sijamaliza."

"Umemaliza, mama! Umemaliza na umepitiliza!"

"Sijamaliza, mwalimu."

Basi kengele inalia, weusi umetanda kila kona, na Mwalimu anabaki kashika tama. Haambiliki, hasemezeki. Usiku mmoja alimwota, na hata ndotoni aliambiwa hivyohivyo: sijamaliza.

Kwa kawaida angemwacha aendelee na masizi yake. Lakini wiki hiyo Mwalimu Mkuu alimwita ofisini, akamwambia bila kuzunguka kwamba chumba hakitoshi. Mwalimu wa Hesabu anataka pa kufundishia masomo ya ziada, na alasiri ndiyo saa pekee iliyopo. Ijumaa kamati ya wazazi itakuja kuangalia maonyesho ya picha. Wakiridhika, kipindi cha sanaa kitaendelea. Wasiporidhika, Jumatatu meza za rangi zinatoka.

"Na nataka kila mtoto awe na picha ukutani," alisema Mkuu. "Kila mtoto. Na ziwe picha, Mwalimu, si madoa."

Mwalimu alitoka pale kurudi darasani kwake. Kipindi kile ndicho alichokipigania tangu anaajiriwa. Asubuhi alifundisha kusoma na kuandika kama wengine, akafanya vizuri tu, lakini aliishi kwa ajili ya alasiri, pamoja na makopo yake na kelele zake zote. Wakimnyang'anya hicho, watambakishia nini? Na mlangoni akamkuta Mwalimu wa Hesabu na futi kamba, anapima ukuta. Mtu mpole, hana ubaya na mtu, lakini siku hiyo alitazamwa kwa jicho ambalo lingemchoma.

"Napima tu," alijitetea.

"Pima kwako!"

Basi, kipindi cha mwisho kabla ya maonyesho, Mwalimu aliapa kwamba Matope hatamshinda. Aliacha darasa zima liwake moto, akasimama nyuma ya yule mtoto kama kivuli. Na, wallahi, alichokiona kilimshangaza. Matope alichora nyumba yenye dirisha la njano. Akaweka ngazi mbili. Akaweka mwanamke mlangoni, nguo nyeupe, mkoba begani, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kiwiliwili kimegeuka kidogo kama mtu anayeaga huku anachelewa. Mtoto wa miaka saba! Nani alimfundisha kugeuza bega vile? Mwalimu alijikuta hapumui. Halafu akaona brashi inachovywa kwenye nyeusi, inanyanyuliwa, inadondosha tone.

Hakungoja. Alinyakua.

Matope hakulia. Alibaki amesimama na brashi yake hewani, nyeusi ikimchuruzikia kwenye kiatu, anatazama kamba ilipotundikwa picha yake. "Hongera, mama," Mwalimu alimwambia, na alimaanisha. Mtoto akaenda kunawa.

Ijumaa ikafika. Chumba kilinukia sabuni, kuta zimejaa majogoo, magari, na yule ng'ombe wa kijani, ambaye mwishowe alipata pembe sita. Mwenyekiti wa kamati alikuwa bwana mrefu, msemaji, mwenye kupenda kusikika. Alipita picha hizi na zile akiguna tu, huku Mwalimu anakunja na kukunjua kitambaa mkononi. Mara akasimama mbele ya picha ya Matope.

"Hii," akasema. "Hii kachora mtoto? Mtoto wa hapa?" Akasogea, akarudi nyuma. "Mkuu, hebu njoo. Hii itundikwe ofisini kwako, kila mgeni aione. Na mimi nashangaa, kipindi kinachotoa kitu kama hiki unakifungaje?"

"Hakuna aliyesema kinafungwa," alijibu Mkuu, na uso wake ukachanua ghafla. "Kitaendelea, bila shaka."

Mwalimu alitamani kuruka. Kando ya dirisha, Mwalimu wa Hesabu, aliyekuja na chati yake kubwa ya kuzidisha imekunjwa kwapani, aliinamisha kichwa kama mtu aliyeachwa na gari.

Hapo ndipo akaingia mama mmoja mbiombio, nguo nyeupe za uuguzi, mkoba begani, anaomba radhi kwa kila aliyemkanyaga. "Samahani, niko njiani, naingia zamu ya usiku, nimepita kidogo tu kumwona mwanangu." Alikuwa mama yake Matope. Akaiona picha, akaweka mkono mdomoni. "Jamani, si mimi huyu? Mwalimu, si mimi huyu naenda kazini?" Akacheka, akamwinamia binti yake ambusu, lakini binti alikuwa anavuta nguo ya Mwalimu.

"Mwalimu. Umemwacha mama nje."

"Nimemwacha vipi, mwanangu?"

"Anatoka kwenda kazini. Halafu kunakuwa usiku. Usiku ukiisha ndio anarudi. Wewe umechukua karatasi, mama hajarudi."

Mwalimu alichuchumaa. "Na zile nyingine zote?"

"Hizo nilifika usiku, kengele ikalia."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia," alisema Matope, bila hasira, kama mtu anayekumbusha jambo linalojulikana. "Kila siku nakwambia sijamaliza."

Maneno hayo yalimwingia Mwalimu mpaka kwenye mfupa. Alijionea haya. Miezi yote hiyo alikuwa akijisifu kwamba anajua picha inaisha lini, na picha ya huyu ilikuwa haijaanza hata kukaribia mwisho wake. Akamkasirikia Mkuu, akamkasirikia Mwenyekiti, akazikasirikia kengele zote za shule zote, lakini zaidi alijikasirikia yeye mwenyewe. Akanyoosha mkono, akatoa kibanio, akaishusha picha mezani.

"We Mwalimu, unafanya nini?" Mwenyekiti alishtuka.

"Hajamaliza."

"Ataiharibu!"

"Ya kwake, Mwenyekiti. Aiharibu."

Mkuu alisogea karibu, akanong'ona huku anatabasamia wageni. "Mwalimu, nisikilize. Picha hiyo ndiyo iliyokiokoa kipindi chako sasa hivi. Ukimpa huyo mtoto brashi, Jumatatu chumba ni cha Hesabu. Umenielewa?"

Alimwelewa vizuri sana. Aliichukua brashi, akaichovya maji, akampa Matope, akamsogezea kopo la nyeusi. Halafu ikabidi asimame atazame. Ilipotea nyumba. Lilipotea dirisha la njano. Alipotea yule mwanamke, bega lake, mkoba wake, weusi ukamfunika taratibu, na wageni wakaguna kama watu wanaoona sahani ikianguka. Mwalimu alishika vidole vyake kwa nguvu visije vikanyakua vyenyewe. Mwenyekiti alipumua kwa kishindo, akageuka, na kundi lote likamfuata kwenda ukumbini kusikiliza hotuba.

Mama yake ndiye aliyebaki, macho yamemjaa machozi. "Kila nikitoka ananiuliza usiku unaisha saa ngapi," alimwambia Mwalimu. "Namjibu utaisha tu. Sijui nimjibu nini kingine." Alimbusu binti yake kisogoni, maana uso haukunyanyuka kutoka kwenye karatasi, akaondoka anakimbia. Zamu haimngoji mtu.

Matope akashika njano.

"Ngoja!" Mwalimu alipiga kelele. "Mungu wangu, ngoja! Nyeusi mbichi, ukiweka njano juu itakuwa tope kwelikweli! Lazima ikauke." Akaanza kupuliza. Akapuliza mpaka kizunguzungu kikamshika. Akatafuta gazeti la kupepea, yote yameloa. Akageuka, akamwona Mwalimu wa Hesabu bado kasimama dirishani na chati yake.

"Na wewe umesimama nini? Umeshapata chumba, basi kifanyie kazi! Pepea!"

Maskini yule bwana hakuuliza swali. Alikunjua chati yake, akaishika pembe mbili, akapepea jedwali la kuzidisha juu ya usiku wa yule mtoto mpaka jasho likamtoka, wakati kutoka ukumbini zilisikika hotuba na makofi. Mwalimu aligusa karatasi kwa kidole. Akagusa tena. Kidole kikatoka kikavu.

Basi Matope akaleta asubuhi. Alianza chini, njano nzito, kisha rangi ya chungwa, akarudisha nyumba yote, ukuta kwa ukuta, akamweka mama kwenye ngazi, nguo nyeupe, kisha akamfuta akamwingiza ndani. Mwalimu wa Hesabu aliinama kutazama, chati imemning'inia mkononi. Mwisho mtoto akachora kitanda, na juu ya kitanda blanketi jekundu, na kwenye blanketi kichwa kidogo cheusi.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mkuu. "Mwalimu! Ule ufunguo wa chumba, naomba sasa hivi, maana Jumatatu asubuhi..."

Tangu wageni walipotoka, Mwalimu alikuwa amejaza kifua maneno ya kumwambia mtu huyu. Alikuwa nayo mengi, na makali, na hakuna hata moja alilopanga kulisema polepole. Alifungua kinywa.

"Shhh!" Matope aligeuka, kidole cha njano mdomoni, kawakunjia uso wote watatu. "Mama ndio kwanza kalala."

Mkuu alibaki na mguu mmoja mlangoni. Mwalimu alifumba kinywa. Akaingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo akiwa ameufumbata usije ukalia, akatembea kwa ncha za vidole mpaka mlangoni, akamwekea kiganjani.